Safari ya Mama na Mimi Kwenda Dar es Salaam



Sisi watu wa Igunga tumezoea nafasi. Mbuga ya Wembere ni pana. Mtu akikujia wamwona tangu mbali, ukapata wakati wa kufikiri utakavyomwamkia. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba mama yangu hana budi kupelekwa Dar es Salaam atibiwe macho, naliuogopa mji kuliko ugonjwa wenyewe. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa mle watu zaidi ya milioni 5.

Tuliondoka alfajiri kwa basi, tukapanda mlima wa Sekenke, tukapita Singida, Dodoma na Morogoro, na usiku tukafika kituo cha Mbezi. Mara vijana wakatuzunguka: huyu ashika mfuko wetu, yule aniita "mjomba", kila mmoja ataka tumfuate. Taa, honi na makelele vikanizidi. Nikamvuta mama hata ukutani, nikamwambia, "Mama, na tulale hapa, asubuhi turudi kwetu."

Mama alikuwa haoni vema, lakini alisikia. Akaniuliza, "Baba, watu hawa wote wanakwenda wapi?"

Nikajibu, "Kila mtu na shughuli yake, mama."

"Basi, na sisi tuna yetu. Babu yangu alichukua pembe ya ndovu begani kutoka Tabora hata Bagamoyo, miezi kwa miguu. Nawe umeketi garini siku moja, waogopa honi?"

Nikaona haya. Nikamwendea mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza chai, nikamwonyesha karatasi yenye jina la mtaa wa ndugu yetu huko Kariakoo. Akatueleza taratibu gari la kupanda na nauli yake, akamtuma mwanawe atusindikize. Hakutaka malipo.

Usiku ule ndugu yetu alinieleza asili ya jina Kariakoo. Latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya 1914 hata 1918, ambao kambi yao ilikuwa pale. Nikacheka moyoni: mahali nilipopaogopa pameitwa kwa jina la wachukuzi wa mizigo, watu wa kazi ile ile ya babu zetu.

Mama alipasuliwa mtoto wa jicho, na Mungu akatujalia akaona. Siku ya kurudi, yeye ndiye aliyenishika mkono kuvuka barabara, akinionyesha magari yajayo.

Ndugu msomaji, haja ikikuita mjini, usikae nyumbani kwa hofu. Andika jina la mtaa kabla ya kuondoka. Fedha zako usiziweke zote mahali pamoja. Ukipotea, muulize aliyeketi kazini pake, wala si yule akukimbiliaye. Tena usitake kuujua mji wote kwa siku moja. Mpagazi naye aliwaza kambi ya usiku ule tu. Kesho yake alijitwika mzigo, akaendelea.