Buyu Juu ya Paa la Kioo

Mimi ni dereva wa abiria hapa Dodoma. Nalisema mapema kwa sababu wengi wakinikuta kwenye usukani hudhani gari ni la mume wangu, au kuna bosi aliyenituma. Mume wangu alifariki mwaka 2019. Msiba ulipoisha na madeni yake kulipwa, nilibaki na kiwanja kimoja kule Nala na leseni ya udereva niliyoikata nikiwa msichana. Nikauza kiwanja, nikakopa kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, VICOBA, nikanunua Nissan Dualis ya mtumba kutoka Japani, yenye paa la kioo linaloanzia juu ya kichwa cha dereva hadi kiti cha nyuma.

Kioo kile ndicho kilichoniletea wateja. Dualis ziko nyingi mjini, lakini zenye paa la namna hiyo si nyingi. Wageni wa vikao vya Bunge walipenda kukaa nyuma na kutazama vilima vya mawe tunapopita. Maharusi walipenda zaidi, kwa kuwa wapiga picha walisema mwanga unaingia vizuri. Wenzangu wana mashamba ya zabibu Hombolo na Mpunguzi. Shamba langu lilikuwa gari hilo. Humo ndimo ilimotoka ada ya watoto, kodi ya nyumba na marejesho ya kila Jumamosi. Kwa hiyo nikisema paa la kioo la gari langu lilivunjika, naomba msomaji asidhani nasimulia habari za anasa.

Lilivunjika Juni 2025, wiki ileile ambayo bajeti kuu ilisomwa bungeni. Huo ni msimu ambao dereva wa Dodoma halali mchana. Mteja wangu mmoja aliniomba nimpeleke Mvumi, kusini mashariki mwa mji, akamwone mama yake aliyekuwa ametibiwa macho. Nikamshusha, nikaenda kusubiri chini ya mbuyu uliokuwa kando ya barabara. Ukanda ule mahali pa kusubiri ni chini ya mbuyu, na hapo hukaa magari, pikipiki, mbuzi na wazee kwa pamoja. Nilishuka kununua maji. Upepo ukavuma kama unavyovuma Juni, buyu moja kavu likaachia tawi.

Nilisikia kishindo, halafu mlio wa kitu kinachomwagika. Kioo hakikupata ufa. Chote kiligeuka chenga kwa mara moja, zikajaa kwenye viti, kwenye mikeka na ndani ya reli za pazia la juu. Watoto waliokuwa wakiokota mabuyu walitimua mbio wakidhani watasingiziwa. Mzee mmoja wa Kigogo aliyekuwa ameketi pale alinisogelea, akanisalimia "Mbukwenyi" kana kwamba hakuna kilichotokea, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, ungekuwa umekaa humo ndani je?" Alitafuta ufagio, akanisaidia kufagia. Mteja wangu alirudi akalikuta gari bila paa. Tulirejea mjini taratibu, vumbi likituingia puani, naye akanilipa nauli yote na kuongeza.

Usiku huo nililia. Nilisali pia, wala sitalificha hilo. Kesho yake nikafunika kwa turubai na utepe, nikaenda kijiweni, na kila mwenzangu akawa na ushauri wake. Mmoja alisema nichomelee bati nipake rangi, nisahau habari za kioo. Mwingine akasema, "Dada, mvua iko wapi? Endesha na turubai lako mpaka kifuku." Wa tatu alijua mtu aliyetengeneza gari la aina hiyo kwa milioni nne. Mwingine akasema tano. Kufikia jioni nilikuwa na hakika kwamba gari limekufa na deni limebaki hai.

Ushauri wa turubai niliujaribu. Gari likifika mwendo wa kilomita sitini kwa saa, turubai linapiga kelele, abiria na dereva hawasikilizani. Vumbi la Dodoma halihitaji tundu kubwa, likapita pembeni na kutua kwenye suti za watu. Mtumishi mmoja niliyekuwa nampeleka Mji wa Serikali Mtumba kila asubuhi aliniambia kwa upole, "Dada, ukishatengeneza utanijulisha." Hakunitukana wala hakunipunguzia heshima, lakini aliondoka na fungu kubwa la kipato changu cha wiki. Hoteli nazo zikaacha kunipigia.

Niliyemtafuta baada ya hapo ni fundi vioo, kijana wa gereji moja ya Kizota, mwenye maneno mengi kuliko vifaa. Aliokota chenga kwenye kona ya kiti, akaziweka kiganjani na kuanza kunieleza. Kioo cha mbele cha gari, alisema, ni vioo viwili vyembamba vyenye utando wa plastiki katikati, ndiyo maana hupasuka kikabaki mahali pake. Changu cha juu kilikuwa cha aina nyingine, cha tempa: kinapashwa moto kupita nyuzi 600, kisha kinapulizwa hewa ya baridi ghafla. Ngozi yake ya nje hubana na ya ndani huvuta. Kinastahimili kipigo kikubwa katikati, ila pembeni kikijeruhiwa, nguvu zote zilizofungwa ndani hufumuka kwa pamoja. Akanionyesha kipande cha ukingo wa mbele kilichokuwa bado kimeshikwa na gundi. Kilikuwa na kidonda kidogo cha zamani, kazi ya kokoto iliyorushwa na tairi la lori, pengine kwenye barabara ya Mtera ninayoipita mara kwa mara. Buyu lilimalizia tu.

Kwa sababu hiyohiyo, akasema, hakuna duka la vioo, liwe la Dodoma au Dar es Salaam, litakalonikatia kipande kingine. Kioo cha tempa hakikatwi wala kutobolewa baada ya kuokwa. Ukikigusa na kikatio kinageuka chenga mezani. Lazima kiwe kimetoka kiwandani na umbo lake na mkunjo wake.

Nikamuuliza habari za bati. Akatikisa kichwa. Pembeni mwa paa, ndani ya dari, zinapita nyaya, na kwenye magari mengi humo ndimo inamokunjwa mito ya hewa ya kumkinga abiria ajali inapotokea. Cheche za kuchomelea hazichagui pa kuangukia. Tena kioo kilichogundishwa vizuri husaidia kulikaza bodi. "Mama, nitakuchomelea ukitaka, hela ni hela," alisema. "Ila utakuwa umenunua gari jingine, bovu."

Kisha akafanya jambo ninalomshukuru hadi leo. Alichana boksi la spea, akachukua kalamu na kuandika kila kitu kwenye mstari wake: kioo kilichotumika kutoka Dar, gundi ya poliyurethani, praima ya kuandaa bati na kioo, usafiri, ufundi, kufungua na kusafisha pazia. Chini akajumlisha: milioni moja na laki mbili. Nilimwomba ajumlishe tena.

Hela hizo sikuwa nazo. Lakini kabla ya lile boksi nilikuwa naogopa kitu kisicho na mwisho, nikiamka usiku na milioni nne za kijiweni, kesho yake tano. Baada yake niliogopa milioni moja na laki mbili, na mtu anaweza kukaa chini akaulizana na nafsi yake: laki ngapi zitatoka wapi? Bima haikuwa mojawapo ya njia. Nilikuwa na bima ndogo, ile ya lazima kisheria, ambayo hulipa hasara utakayomsababishia mwingine, siyo kioo chako mwenyewe. Nilikuwa na mbuzi waliokuwa wakifugwa kwa kaka yangu Bahi. Nikampigia auze, tukapata nusu. Nusu ya pili nikaipeleka kikundini.

Mfuko wa jamii wa kikundi chetu ni kwa misiba na maradhi, nami sikutaka kuugusa. Nilisimama mbele ya wenzangu nikiwa na boksi la fundi mkononi, nikawasomea mstari kwa mstari, nikaomba mambo mawili: mkopo wa nyongeza kwa dhamana ya hisa zangu, na marejesho ya mkopo wa zamani yasogezwe hadi gari lirudi barabarani, riba yake ikiendelea kuhesabiwa. Mwanachama mmoja alipinga. "Leo kioo, kesho tairi, keshokutwa injini. Hiki ni kikundi au gereji?" Hoja yake ilikuwa na uzito. Walijadili nikiwa nje. Waliponiita ndani, mwenyekiti akasema waliokubali ni wengi. Yule aliyepinga hakubadili msimamo, na tunasalimiana vizuri tu.

Treni ya SGR inafika Dodoma tangu Julai 2024, kwa hiyo nilikwenda Dar es Salaam mwenyewe badala ya kununua kwa picha za simu. Fundi alikuwa amenifundisha la kutazama. Pitisha ukucha kwenye ukingo wote, ukikwama kataa. Angalia ule mkanda mweusi wa pembeni kama haujabanduka, kwa sababu kazi yake ni kuikinga gundi isiharibiwe na jua. Kwenye maduka ya spea ya Ilala, kioo cha kwanza nilichoonyeshwa kilikuwa kimemeguka kidogo kwenye kona. "Hapo patafichwa na gundi, mama," muuzaji akasema. Nikamjibu kwamba mimi ninatoka kwenye kidonda kama hicho. Nilizunguka hadi nikapata kingine kikiwa bado kimeshikamana na kipande cha paa la gari lililokatwa. Nikakinunua na bati lake. Bati ndilo lililokilinda njiani, kwani nilimpata dereva wa lori aliyekuwa ameshusha mahindi ya Kibaigwa na alikuwa akirudi tupu, akakilaza juu ya magunia, na kila tuta la Gairo akalipanda taratibu.

Kizota nilidhani kazi itakuwa ya asubuhi moja. Fundi alikata gundi ya zamani kwa waya mwembamba, akiuvuta kama msumeno, huku mwenzake akiwa upande wa pili. Mbinu hiyo alisema ameiona kwenye simu, mafundi wa nje wakibadili mapaa ya magari ya umeme ya kifahari. Mojawapo, Tesla Model 3 iliyoanza kuwafikia wanunuzi Marekani mwaka 2017, ina kioo karibu paa zima. Betri zake ziko chini ya sakafu na sakafu imepanda, hivyo kioo kisicho na dari nene kinamrudishia abiria nafasi ya kichwa. Yule mwenye Tesla na mimi wa Dualis ya mtumba tofauti yetu ni kubwa, ila gundi ni ya ukoo mmoja, na masharti yake ni yaleyale: safisha, paka praima, mwaga gundi bila kukata mstari, weka kioo mara moja bila kukirudisha, subiri.

Hapo kwenye kusubiri ndipo Dodoma ilipotutofautisha na wa kwenye simu. Gundi ile hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani. Pwani unyevu upo wa kutosha. Huku kwetu Juni na Julai hewa ni kavu na usiku ni baridi, hivyo gundi hukawia. Fundi alimwaga maji sakafuni, akatundika mashuka mabichi kuzunguka gari, akakataa katakata kunipa ufunguo. Nilimbembeleza. Bunge lilikuwa linaelekea ukingoni, na kwa kuwa ulikuwa mwaka wa uchaguzi, nilijua halitakutana tena hadi uchaguzi upite. Kila siku ya kusubiri ilikuwa abiria wanaopotea. "Ukiondoka leo, tuta la kwanza litakisogeza," alisema. "Utarudi hapa na kilio kipya." Nikabaki nyumbani, nikafua viti.

Alipolitoa gari, tulilimwagia maji kwa mpira huku mimi nimekaa ndani na kitambaa kikavu, nikipapasa kila kona. Kitambaa kilibaki kikavu. Msimu wa Bunge nilikuwa nimeukosa, na hilo halikurudi. Nilipoanza kuinuka tena ni wakati wa maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni, wageni walipojaa mjini. Mteja wa Mtumba nilimjulisha kama alivyoniambia, akarudi. Mkopo wa kioo niliumaliza kabla kikundi hakijavunja mzunguko, na bima niliyokata baadaye ni kubwa.

Ninayemshukuru kwanza ni Mungu, kisha kaka yangu, fundi na akina mama wa kikundi. Kwa wewe ambaye chombo chako cha kazi kimeharibika, sikuambii usilie. Lia, halafu tafuta mtu anayeijua kazi hiyo, siyo anayeizungumzia, umwombe aandike kila kitu na bei yake. Ukienda kuomba msaada, nenda na maandishi hayo. Watu wengi wanaokunyima hawana roho mbaya. Wanaogopa kutumbukiza fedha mahali wasipopaona chini.

Kikundi chetu sasa kina mfuko wa vitendea kazi, mbali na ule wa misiba. Wa kwanza kuomba alikuwa mama lishe ambaye friji yake ilikuwa imeungua. Alikuja na karatasi. Tuliipitia mstari kwa mstari, tukakuta bei ya fundi wake imezidi, tukampeleka kwa mwingine, tukampa fedha zilizobaki kuhitajika. Mwenzetu wa "kikundi au gereji" alipinga tena, na safari hii ni yeye aliyeligundua kosa la bei.