Sauti ya Bibi Katika Kadi

Kasha la kale la mwambao, lile lililopambwa kwa misumari ya shaba na kuwekwa pembezoni mwa kitanda cha bibi arusi, halikuwa sanduku la nguo tu. Ndani yake mlikuwa na visanduku vya siri ambavyo mgeni hakuvitambua hata kama amepewa kasha zima alichungulie. Mwenye kulivunja kufuli la nje aliweza kuondoka na mikufu na kanga, na asijue kwamba hati ya shamba imebaki chini ya ubao alioushika kwa mkono wake. Fundi wa kasha alikuwa amekwisha kumfikiria mwizi, akamkadiria akili, akamwachia cha kuiba ili asitafute zaidi.

Simujanja ya leo ni kasha vilevile, tofauti ni kwamba linatembezwa barabarani likiwa wazi mkononi, na limebeba siri nyingi kuliko kasha lolote: barua, picha za watoto, namba ya kitambulisho cha taifa, fedha (tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008), na sauti. Juu ya sauti ndipo penye hadithi.

Kibaha na Kisarawe ni wilaya jirani za Mkoa wa Pwani. Kibaha ndiyo makao makuu ya mkoa, mji uliotandazwa juu ya barabara ya Morogoro, kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam. Kisarawe iko kusini yake, nyuma ya vilima vya Pugu na msitu wa Kazimzumbwi, nchi ya mikorosho na mihogo, nchi ya Wazaramo. Mwalimu mmoja wa kike anayefundisha Kibaha ana bibi yake mzaa mama huko Maneromango, na kila likizo huifuata njia ya Mlandizi na Mzenga kwenda kumsalimu. Kizaramo kinazidi kuwa lugha ya wazee. Wajukuu wanazungumza Kiswahili hata wanapoota. Mwalimu aliliona hilo, akaomba kurekodi nyimbo za mwali, zile anazofundwa msichana aliyewekwa ndani, pale anapokabidhiwa mwana hiti, kile kisanamu cha mti kinacholelewa kama mtoto.

Bibi alifikiri siku mbili. Akasema: "Mke mwenzangu, nitaimba. Lakini asisikie mwanamume, wala asiyechezwa." Mjukuu akaapa. Nyimbo kumi na moja zikaingia katika simu.

Jioni moja, Maili Moja, watu wakigombea daladala, bodaboda ilipita karibu mno na mwalimu akabaki ameshika hewa. Vibaka wa simu hawahitaji nguvu. Wanahitaji mtu aliyeinamisha kichwa akisoma ujumbe. Shilingi zilizokuwamo hazikufika elfu sitini. Alizililia kidogo, akanyamaza. Usiku ndipo alipoketi kitandani ghafla: nani anamsikiliza bibi saa hii?

Jibu lilikuwa chungu kwa sababu mwalimu hakuwa mzembe. Kioo cha simu yake kilifunguka kwa alama ya kidole na tarakimu sita, wala si mwaka wake wa kuzaliwa, kosa walifanyalo wengi. Na simu yenyewe ilikuwa ya kutumainiwa. Simu za Android zilizotoka kiwandani na toleo la 10, la mwaka 2019, au la baadaye, huyafumba yaliyomo kwa hesabu, hata anayeing'oa kumbukumbu yake huambulia takataka za tarakimu. Iphone nazo zilikuwa zimekwisha kutangulia katika jambo hilo. Mlango wa mbele, basi, ulikuwa na kufuli zuri.

Lakini nyimbo hazikuwa nyuma ya mlango huo. Nafasi ilipojaa, alikuwa amezihamishia kwenye kadi ya kumbukumbu, kile kipande kidogo kama ukucha ambacho vijana hukiita memori. Kadi hiyo, isipofumbwa na mwenyewe kwa makusudi, haina kufuli hata moja. Huchomolewa ubavuni, ikatiwa katika simu nyingine yoyote, na yote yaliyomo yakafunguka bila kuuliza nani anafungua. Wauza simu hawalisemi hilo, na mnunuzi hufurahia nafasi aliyoongezewa.

Dirisha la pili ni laini. Watanzania walisajili laini zao upya kwa alama za vidole kuanzia Mei 2019, na waliochelewa wakapewa hadi tarehe 20 Januari 2020. Wengi walidhani kwamba tangu hapo laini inamjua bwana wake. Inamjua siku ya kusajiliwa tu. Ikitiwa katika simu ya mwizi haiulizi kidole. Hupokea ujumbe wote, pamoja na zile tarakimu za uthibitisho zinazofungulia WhatsApp na barua pepe. Asubuhi ya pili shangazi yake mwalimu, aliye Mlandizi, alipata ujumbe kutoka namba ileile anayoijua: amekwama, atumiwe elfu thelathini. Shangazi ni mtu wa kuuliza, akapiga, hakupokewa, akajua. Wangapi hawapigi?

Dawa ya dirisha hilo imo katika kila simu, na ajabu ni kwamba haina gharama: namba ya siri ya laini yenyewe, mbali na ile ya kioo na mbali na ile ya fedha. Ikishawashwa, laini iliyohamishwa huidai kabla ya kushika mtandao. Ikikosewa mara tatu hujifunga, na hufunguka kwa namba ya PUK tu, yenye tarakimu nane, iliyochapwa kwenye kile kipande cha plastiki ambacho watu hukitupa dukani. WhatsApp nayo ina tarakimu sita za kujiwekea tangu 2017, na anayeziweka hanyang'anywi jina lake kwa ujumbe mmoja.

Mwalimu aliirudisha laini siku ya pili, ile ya mwizi ikafa. Akaenda polisi kupata taarifa ya upotevu, na kwa bahati alikuwa na boksi la simu, ambalo lina namba ya utambulisho yenye tarakimu 15 (asiye na boksi huipata kwa kubonyeza *#06#, mradi simu angali nayo). Kwa namba hiyo simu huweza kufungiwa isishike mtandao nchini, kwa mfumo uleule uliozima simu bandia usiku wa tarehe 16 Juni 2016. Ni jambo jema, lakini lifahamike: kufungiwa huko kunaua biashara ya mwizi, hakufuti kilichomo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawabana wanaokusanya na kuchakata habari za watu. Kibaka wa Maili Moja hana ofisi ya kukaguliwa. Yeye anangojwa na Kanuni ya Adhabu, na akiifungua simu bila idhini, anangojwa pia na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Anangojwa.

Lililobaki lilikuwa safari ya Maneromango, na hiyo hakuna fundi wa kumsaidia mtu. Mwalimu alipiga magoti, shikamoo, akaeleza yote. Bibi aliendelea kumenya mihogo. Kisha akauliza kama huyo mwizi amechezwa.

"Ni mwanamume, bibi."

"Basi amesikia nini?"

Akamwimbia kipande cha wimbo mmoja na kumtaka asikilize kama mpita njia. Mpita njia angesikia habari za ungo uliotobolewa na mwanamke anayepepeta mtama usiku. Hakuna lingine. Maana haikuwa katika sauti. Ilikuwa imewekwa katika masikio ya wale waliokaa ndani. Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Na watoto wa Unguja waliozungumza kinyume, wakigeuza kesho kuwa shoke, walikuwa wakifanya kwa ulimi jambo lilelile ambalo simu hufanya kwa hesabu.

Hata hivyo bibi hakuyapuuza mambo. Aliyemhuzunisha hakuwa mwizi. Alisema wimbo uliofichwa vizuri na kupotea, umepotea vilevile. Na hapo aligusa upande ambao wanaofundisha kufunga simu huusahau: kinga ni kumzuia mgeni asisome, na pia ni kumwezesha mwenyewe asome tena. Nakala haikuwapo. Kupeleka nyimbo kwenye hifadhi za mtandaoni kungeziokoa, na kwa picha za harusi mwalimu hufanya hivyo. Lakini nyimbo hizi zingelala katika mitambo ya nchi za mbali, chini ya ulinzi wa watu ambao hawakuapa.

Ikaamuliwa hivi. Bibi ataimba tena nyimbo sita. Tano zitakwenda kwa mdomo na sikio, kama zilivyokuja. Zile sita zitakaa ndani ya simu mpya yenyewe, wala si kwenye kadi yake, na nakala moja, iliyofungwa kwa neno la siri, itakaa katika sanduku la bati chini ya kitanda cha Maneromango. Neno hilo bibi alilichagua mwenyewe, la Kizaramo, refu. Mjukuu aliliandika herufi kwa herufi, akauliza maana yake. Bibi akamtazama mjomba aliyekuwa amekaa barazani, akasema atamwambia wakiwa jikoni.