Hakungoja risasi ya pili

Kijana mmoja mzaliwa wa Uvira, ambaye sasa anaishi Marekani na familia yake, hucheza Dungeons & Dragons na wenzake kila Jumamosi. Ni mchezo wa mezani uliotolewa huko mwaka 1974. Mama yake alishtuka kusikia kwamba mwanawe ni mchawi, mpaka alipoona ni dadu na karatasi tu.

Mchawi huyo ni mwanafunzi bado: ana nguvu za uchawi mara 2, kisha lazima apumzike. Kinga yake inaitwa Ngao. Hutamkwa pigo likishampata, kabla ya kuhesabu majeraha. Huongeza 5 kwenye ulinzi wake, na hudumu mpaka zamu yake irudi.

Katika vita ya kwanza maadui 3 walimzunguka. Ulinzi wake ulikuwa 12. Adui wa kwanza alimpata kwa 15. Ngao ingemfikisha 17, pigo likose. Kijana akanyamaza, akaitunza kwa pigo kubwa zaidi. La pili likamwangusha, nguvu zote 2 akiwa nazo.

Nyumbani alilaumu dadu. Mama akamsikiliza, kisha akasema: “Siku ile Uvira, sikungoja risasi ya pili ndipo nikubebe.”

Jumamosi iliyofuata alitamka Ngao kwa pigo la kwanza, na mawili yaliyofuata yakakosa pia.

Sasa huhesabu kwanza: je, 5 inatosha? Ni maadui wangapi bado hawajapiga? Wa mwisho akimpata kwa 19, hunyamaza.