Siku tuliyoenda Kasumbalesa kutafuta motokari



Mwaka jana, mwezi wa nane, bwana yangu alipokea hesabu yake ya mwisho baada ya miaka 34 ya kazi. Mama ambaye bwana yake amestaafu anajua: pesa ile inaingia mara moja tu, na nyuma yake hakuna mshahara mwingine. Kabla haijafika nyumbani, kila mtu alikuwa ameshaipangia kazi. Vijana wetu walisema, "Baba anunue jipu kubwa, watu waone kwamba alitumika." Bwana yangu alikubali. Mimi niliomba neno moja tu: twende wote wawili.

Tuliondoka Lubumbashi asubuhi na mapema kwa basi ndogo. Mpaka Kasumbalesa ni karibu kilometa 90. Kilikuwa kiangazi: majani makavu, vichuguu vyekundu vinavyompita mtu kwa urefu, magunia ya makala kando ya barabara, na moshi wa moto wa pori juu ya miti. Ukikaribia mpaka wa Zambia, unakuta foleni ya malori. Mengine yanatoa shaba yetu, mengine yanatuletea unga na saruji. Katikati yao wamama wanapita na mabeseni kichwani, wakiuza mikate na maji.

Ndipo zinapopita motokari nyingi kutoka Japani. Zinashuka kwenye bandari ya Dar es Salaam, zinavuka Tanzania na Zambia, kisha zinaingia kwetu. Katika nchi hizo tatu watu wanaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo usukani uko kuume. Sisi Wakongo tunaendesha upande wa kuume, na usukani unatakiwa kuwa kushoto. Kwa sababu hiyo motokari za usukani wa kuume zinauzwa bei nafuu kwetu, na wengi tunazinunua.

Muuzaji alituonyesha jipu jeupe, refu, linang'aa. Bwana yangu alilizunguka mara tatu. Mimi nilijaribu kupanda, goti langu likakataa; nikashika mlango kwa mikono miwili ndipo nikaingia. Muuzaji alicheka. "Mama utazoea."

Nikamwomba aturuhusu kulijaribu barabarani. Bwana yangu akaketi kwenye usukani, kuume, mimi kushoto, muuzaji nyuma. Tukafika nyuma ya lori lililobeba shaba. Bwana yangu alitaka kulipita, lakini kutoka upande wake hakuona kitu isipokuwa mgongo wa lori. Akaniuliza, "Mama, njia iko wazi?" Nikachungulia. "Ngoja, Baba." Akauliza tena. Kulikuwa na moshi, nikadhani njia ni wazi, nikasema, "Pita." Alipoanza kutoka, nikaona taa mbili mbele yetu. Nikapiga kelele. Akarudi nyuma ya lori, na lile lingine likatupita kwa honi ndefu.

Alisimama kando ya barabara. Kwa muda hakuna aliyesema. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hata zile taa sikuziona vizuri. Macho yangu hayako tena kama zamani." Katika miaka yote ya ndoa yetu, sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Sikumjibu. Nilimshika mkono tu.

Tulirudi Lubumbashi bila jipu. Jioni ile tulichukua daftari tukaandika: tutakwenda wapi na motokari hii? Kanisani, hospitalini, sokoni, kwenye shamba letu njia ya Kipushi, na kwenye matanga ya ndugu. Hakuna safari hata moja iliyodai jipu. Tukaandika pia mafuta, bima, makaratasi, matairi na fundi wa kila mwaka. Tuliona kwamba jipu lingekula chakula chetu.

Kwanza tulikwenda kwa daktari wa macho. Bwana yangu alipata miwani. Kisha tukanunua mjini motokari ndogo, usukani kushoto. Fundi wetu aliilala chini, akasikiliza injini ikiwa baridi, akalinganisha namba ya chuma na ile ya makaratasi, kabla hatujatoa hata dola moja. Ilituomba bei zaidi kuliko ndogo za usukani wa kuume, lakini sehemu kubwa ya pesa ilibaki. Kwa sehemu hiyo tulinunua mbolea na kusimamisha chumba cha kupangisha.

Vijana walinuna wiki mbili. Siku mjukuu alipopata homa usiku na babu yake akamfikisha hospitalini, maneno yaliisha.

Wamama, pesa ya kustaafu ikifika, usikae jikoni wakati wengine wanachagua. Nenda naye. Panda, shuka, jaribu goti lako. Uliza vipuri viko wapi na bei gani. Mwache bwana aendeshe barabarani, na wewe utazame anaona nini. Ukiona hatari, sema mapema, lakini usimwaibishe mbele ya watu.

Bwana yangu haendeshi tena usiku. Mimi nimeanza kujifunza, kila Jumamosi, kwenye uwanja wa mpira. Yeye anakaa kuume, ananiambia, "Polepole, Mama."