Wimbo Mmoja, London na Mpondwe

Wanabendi wa Linkin Park walipoachia wimbo "The Emptiness Machine" tarehe 5 Septemba 2024, London ilikuwa imeshatoa hukumu kabla ya kulala. Siku chache kabla waliweka saa kwenye tovuti yao, ikahesabu saa 100 kurudi chini. Ilipofika sifuri haikusimama, ikaanza kuhesabu kwenda juu, na mashabiki wakakesha wakibishana maana yake. Kisha usiku ule wimbo ukatoka, ukaimbwa mubashara, na sura mpya ikaonekana: Emily Armstrong, akiwa mahali pa mwimbaji Chester Bennington aliyefariki Julai 2017. Kulipopambazuka kambi zilikuwa zimeshajipanga. Wapo waliolia kwa furaha, na wapo waliosema kiti cha Chester hakikaliwi na mtu. Wimbo ukapanda hadi nafasi ya 4 kwenye chati ya Uingereza, na tarehe 24 mwezi huohuo bendi ikapiga ukumbi wa O2.

Huku London ndivyo ilivyo. Wimbo una siku yake na saa yake, na anayechelewa kuusikia huukuta umeshasemwa hadi umechoka.

Nyumbani Bwera, wilayani Kasese nchini Uganda, hakuna siku ya wimbo. Wimbo "In the End" wa Linkin Park haohao ulitoka Marekani Oktoba 2001, na Machi 2002 ulikuwa nafasi ya 2 kwenye chati ya Billboard. Sisi tuliupata baadaye sana, kwenye kaseti iliyorekodiwa kutoka kaseti nyingine, bila jina la bendi, bila picha, bila mtu wa kutuambia kwamba dunia imeshauzoea. Tuliuita "ule wa piano". Hatukuwa na namna ya kujua kama tunapaswa kuupenda, kwa hiyo tuliusikiliza. Kijana mmoja aliyekuwa na redio ya betri aliirudisha kaseti nyuma kwa kalamu ili asimalize betri, na tuliokaa naye tukaanza kuokota maneno moja baada ya jingine. Mpaka leo naujua wimbo ule kuliko nyimbo zote nilizozisikia hapa saa ileile zilipotoka.

Kaseti zimepita, njia imebaki. Ukitoka Kasese mjini, ukakata kona Kikorongo na kushuka hadi Mpondwe, ambako mto Lhubiriha ndio unaotutenga na Kasindi ya Kongo, utawakuta vijana chini ya mwavuli na kompyuta, wakipakia nyimbo kwenye memori za simu kwa hela kidogo. Mteja hatafuti jina. Husema, niwekee zinazochezwa sasa, na kijana huchagua. Kuna pia vipaza sauti vya mlingotini, vinavyotangaza mbuzi aliyepotea, mazishi na mkutano wa kijiji, na katikati huwekwa muziki. Kuna redio za Kasese na salamu zake. Wimbo uliopita mikononi mwa watu hao umepokelewa. Usiopita hapo haujatoka, hata kama uko kwenye simu za dunia nzima. Na tusisahau kwamba Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, na kuanzia Julai 2018 hadi katikati ya 2021 kila aliyetaka mitandao ya kijamii alilipa ushuru wa shilingi 200 kwa siku. Ile saa ya kuhesabu ya Linkin Park ingemfikia nani kijijini?

Ndugu zangu wengi hunijibu kwamba muziki huu wa magitaa mazito, nu metali, haungefika hata kama njia ingekuwepo: ni kelele za Wazungu, wengine husema za shetani. Hili la shetani ni jepesi. P.O.D., mojawapo ya bendi kubwa za nu metali, ni Wakristo wasioficha imani yao.

Hilo la kelele ndilo linaloniuma. Sisi wa Kasese ni watu wa endara, marimba makubwa yanayopigwa na watu kadhaa kwa pamoja mpaka ardhi itikisike. Ni watu tulioimba hasira yetu milimani. Vuguvugu la Rwenzururu lilipojitangazia ufalme wake mwaka 1962, nyimbo za malalamiko zilienea kwa miguu na kwa koo za watu, hadi watafiti Peter Cooke na Martin Doornbos wakaziandikia makala mwaka 1982. Na tangu hapo tumeona mauaji ya Novemba 2016 mjini Kasese, na ya Juni 2023 pale shule ya Lhubiriha, ambako watoto waliuawa mabwenini. Sitaki kusikia kwamba watu wa eneo hili hawana haja ya muziki unaopiga yowe.

Kinachokosekana ni njia. Duma, vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walirekodi albamu yao Kampala, ikatolewa Agosti 2020 na Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala hiyohiyo. Ni muziki mkali kupita nu metali yoyote. Wahakiki wa Ulaya na Marekani waliusifu sana. Mimi nilitajiwa Duma na Mwingereza. Albamu iliyotengenezwa nchini mwangu ilizunguka bahari ndipo ikanifikia, na nyumbani sijakutana na mtu aliyeijua.

Kwa hiyo ukiwa na gitaa lako Kasese na umemaliza wimbo mzito, usianze na tovuti wala saa ya kuhesabu. Nenda Mpondwe siku ya soko. Mpe kijana wa mwavuli nakala safi, mwombe aiweke pamoja na zile zinazochezwa sasa, na yule wa kipaza sauti mpe nyingine. London wasanii wengi hulipwa, hata kama ni senti, wimbo wao unapochezwa. Mwavulini hulipwi, na sioni haki katika hilo. Basi kwenye jina la faili, baada ya jina la wimbo, andika jina lako na namba yako ya kupokelea pesa kwa simu. Faili likinakiliwa mara elfu, namba itanakiliwa nayo.