Wa Kuja au wa Kwenda

Binti wa kaka yangu anatarajia kujifungua mwezi ujao, mimba yake ya kwanza. Wiki iliyopita alinipigia simu ya video kutoka Tabata, Dar, ili nione chumba cha mtoto: kitanda cha mbao chenye neti, beseni la plastiki, pampasi zilizopangwa mpaka karibu na dari. Nikamshukuru Mungu, kisha nikamuuliza, "Na mkaja umeshapata?"

Akacheka. "Shangazi, mkaja si ile bahasha aliyopewa mama kwenye harusi?"

Hakukosea. Kwenye posa kilemba ni cha baba na mkaja ni wa mama, na siku hizi vyote ni fedha. Lakini kabla ya kuwa bahasha, mkaja ulikuwa kitambaa cha kumfunga mzazi tumboni akishajifungua, ili mwili wake urudi mahali pake. Mama wa bibi harusi anapewa mkaja kwa kuwa naye alifungwa siku alipomzaa huyo anayeolewa. Jina tumebaki nalo. Kitambaa kimetutoka.

Nimezaliwa na kukulia Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mdogo wangu wa mwisho alipokuwa tumboni nilikuwa na umri wa kutumwa dukani. Kadi yake ya kliniki inasema Juni 1974. Mama, mpaka anafariki, alishikilia kwamba ilikuwa kabla ya hapo, kwa sababu mjomba alikuwa bado hajahamishiwa kijijini. Tuliacha kubishana naye.

Ninachokumbuka vizuri ni baba kukaza kitanda. Alikitoa uani, akalowesha kamba za makumbi, akazivuta moja moja, mguu wake ukiwa juu ya tendegu, mpaka ukigonga kamba inalia kama ngoma. "Mzazi halali kwenye bonde," aliniambia. Halafu akapaka chokaa chumba cha nyuma na kupanga kuni ukutani, nyingi kuliko tulizotumia mwezi mzima, kwa ajili ya maji ya kukandia. Bibi yangu alikuja na kikapu chake: pilipili manga ya uji, tangawizi, asali, ubani, chetezo, na kipande cha mvuje kilichofungwa kwenye kitambaa cheusi. Nyumba nzima ikanuka mvuje kwa wiki mbili. Jogoo mweupe alifungwa kamba mguuni, akisubiri supu.

Na mtoto je? Hakununuliwa kitu. Kumnunulia nguo ambaye hajafika ilikuwa uchuro. Bibi alichukua kanga kuukuu za mama, zile zilizofuliwa mpaka maua yake yakafifia, akazichana kuwa nepi. "Ngozi yake haijui dunia," alisema, "tusimwanzishe na kitu kigumu."

Kitu kipya kilikuwa kimoja tu, mkaja, nao nilitumwa mimi. Duka lilikuwa la Bohora mmoja mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mpaka leo nikifungua sanduku la nguo mpya namkumbuka: harufu ya wanga wa vitambaa, nafutalini, na mafuta ya nazi ya nywele zake. Majora yalisimama ukutani nyuma yake. Jora la marikani, kitambaa kilichopata jina kwa kuletwa na merikebu za Wamarekani karne ya 19, lilikaa chini peke yake, karibu na mguu wake. Ukitaja marikani aliacha alichokuwa anafanya. Alikutazama juu ya miwani na kuuliza kwa sauti ya chini, "Wa kuja, au wa kwenda?"

Sanda ilikatwa kwenye jora hilohilo. Ukijibu wa kwenda, alivua kofia yake kwanza, akapima kimya, akakufungia kwenye karatasi. Ukijibu wa kuja, alitia mkasi kidogo tu pembeni, kisha akashika pande mbili na kuchana kwa nguvu zake zote, kitambaa kikapiga kelele mpaka wapita njia wakageuka. Halafu aliongeza shubiri moja asiyoidai. "Hii ya mgeni," alisema. Hakuwahi kusema mtoto. Nilirudi nyumbani nikikimbia, mkaja kifuani.

Niliuelewa uchuro baadaye, nilipojua kwamba kabla yangu mama alizika wawili. Mtaani petu kila nyumba ilikuwa na hesabu yake. Pepopunda ilikuwa ikiingilia kwenye kitovu, na leo sindano za kliniki zinamkinga mtoto angali tumboni. Siutamani wembe wa zamani wa kukatia kitovu. Binti yetu ana haki ya kupamba chumba bila hofu, na hilo ni jambo la kufurahia kwa moyo wote.

Mwaka 1984 ilikuwa zamu yangu. Kanga hazikupatikana. Mume wangu alipata barua ya balozi wa nyumba kumi, akapanga foleni tangu alfajiri, akarudi na doti moja. Ya pili ilivuka mpaka wa Horohoro usiku, sikuuliza mengi. Lakini nilikandwa. Siku 40 mama hakuniacha nishike ufagio. Jioni alinifunga mkaja, goti lake likiwa ubavuni mwangu, akivuta, na mimi nikilia kila nilichotaka kulilia. Sijawahi tena kushikwa vile na mtu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mitumba ikaleta nguo za watoto, pampasi zikafika, wanangu wakahamia Dar, sherehe za keki na baluni zikaja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na baba angalau siku 3. Siku 3! Baba yangu alitumia zaidi ya hizo kukaza kitanda na kupanga kuni. Kinachoniudhi ni kwamba kila orodha ya maandalizi ninayoonyeshwa ina vitu vya mtoto tu. Mzazi anarudi kesho yake kwa bajaji, anapanda ngazi za ghorofa, anapokewa na beseni jipya. Nani atamchemshia maji?

Jana nilikwenda kutafuta marikani. Duka la Bohora linauza simu siku hizi. Nikaelekezwa kwingine, kwa kijana mpole aliyenipokea kwa shikamoo. Nilipotaja kitambaa, uso wake ukabadilika. "Pole sana, mama. Sanda ya mkubwa au mdogo?"

Nikashika meza. Hakuwa na kosa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba marikani ina swali la pili.

"Wa kuja, mwanangu," nikamwambia. "Usikate. Chana."

Akanitazama, akatia mkasi pembeni, akachana taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtu. Nimeufua mara tatu, uko kwenye kamba. Jumamosi napanda basi la asubuhi. Mume wa binti nimeshamwagiza sufuria kubwa na pilipili manga, na nimemwambia siku zake 3 aziombee nyongeza, kwa sababu namfundisha yeye kukanda.