Mji Wenye Majina Mawili

Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, ni mji ambamo kila mtaa huitwa kwa lugha mbili. Kibao cha kona hubeba jina la Kifaransa na la Kiholanzi, kwa kuwa ndivyo sheria ilivyoamuru. Barabara yenye ofisi ya Waziri Mkuu huitwa Rue de la Loi, tena huitwa Wetstraat; maana yake ni moja, Mtaa wa Sheria. Wilaya nazo ni hivyo hivyo: Ixelles ndiyo Elsene, Uccle ndiyo Ukkel, Forest ndiyo Vorst. Chache tu, kama Anderlecht, Jette na Evere, zimeridhika na jina moja.

Mgeni huona jambo hili kuwa la kuchekesha. Wenyeji hawalichekei. Sensa ya mwisho iliyowauliza Wabelgiji lugha yao ilikuwa ya mwaka 1947. Matokeo yake yalipotangazwa mwaka 1954, Evere, Ganshoren na Berchem-Sainte-Agathe ziliingizwa katika eneo la lugha mbili, na wilaya zikawa 19, idadi ambayo haijabadilika hadi leo. Waflemi, wasemao Kiholanzi, waliona ardhi yao inamegwa kidogo kidogo. Malalamiko yao yakawa makubwa hata swali la lugha likaondolewa katika sensa, na mpaka wa lugha ukawekwa kwa sheria za 1962 na 1963. Hata hivyo ugomvi haukwisha. Mwaka 2010 serikali ilianguka kwa sababu ya jimbo la uchaguzi lililounganisha Brussels na vitongoji vya Waflemi, na baada ya uchaguzi wa Juni nchi ilikaa siku 541 bila kupata serikali mpya. Jimbo hilo liligawanywa mwaka 2012.

Katika mji kama huo, mpeleka barua afanyeje? Askari aliyepata kupokea barua ya nyumbani baada ya kuzungushwa vikosi vitatu anajua uzito wa swali hilo. Jibu lilipatikana mwaka 1969, Ubelgiji ilipoanza kutumia namba za posta zenye tarakimu nne. Namba haina Kifaransa wala Kiholanzi. Bahasha ikiandikwa Ixelles au Elsene, 1050 ni 1050.

Namba zote za mji huu huanza na 1. Kitovu cha kale, kilichozungukwa na kuta za karne ya 14 ambazo mahali pake sasa pamepita barabara kuu, ni 1000. Schaerbeek ni 1030, Etterbeek 1040, Anderlecht 1070, na Saint-Josse-ten-Noode, iliyo ndogo kuliko zote, ni 1210. Wakubwa wamepewa namba za peke yao: Kamisheni ya Ulaya 1049, Bunge la Ulaya 1047, na makao makuu ya NATO, yaliyohamia Ubelgiji kutoka Ufaransa mwaka 1967, ni 1110.

Lakini namba haifuati mipaka ya utawala daima, na hapa ndipo wengi hupotea. Jiji la Brussels lenyewe ni wilaya moja tu kati ya zile 19, na kila wilaya ina meya wake na baraza lake. Mwaka 1864 Jiji lilichukua ukanda mwembamba wa ardhi ili kujenga Avenue Louise hadi kwenye msitu wa Cambre, likaikata Ixelles vipande viwili. Mpaka leo mkazi wa barabara hiyo huweza kuwa raia wa Jiji, akampigia kura meya wa Jiji, huku barua zake zikimfikia kwa namba ya Ixelles, 1050. Polisi nao wana mgawanyo wao: mageuzi ya mwaka 2001 na 2002 yaliziweka wilaya 19 katika kanda sita.

Chaussée de Wavre ni mfano mwingine. Barabara hii ndefu huanza Ixelles, ikapita Etterbeek, ikafika Auderghem: jina moja, namba tatu za posta, 1050, 1040 na 1160. Anayeandika jina la barabara na namba ya nyumba peke yake amempa mpeleka barua kazi ya kubahatisha.

Mwanzoni mwa barabara hiyo, karibu na Porte de Namur, ndipo penye Matonge, mtaa wa maduka na vinyozi uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Wakongo walianza kukusanyika hapo katika miaka ya 1960, na baadaye wakaja watu wa Rwanda, Burundi na nchi nyingine za Afrika. Mmoja wa mitaa yake huitwa Rue de la Longue Vie, yaani Mtaa wa Maisha Marefu. Matonge haina meya wala namba yake. Katika vitabu vya posta haimo kabisa. Watu wake waliomba kwa miaka mingi mahali paitwe kwa jina la Patrice Lumumba, na tarehe 30 Juni 2018 uwanja wenye jina hilo ulifunguliwa. Uko katika ardhi ya Jiji la Brussels. Matonge, hatua chache tu kutoka hapo, iko Ixelles.